Saa Isiyojua Mzigo

Siku ile, ukumbini kwa mdogo wangu pale Mafiga, tulikuwa wanne. Mimi, dada mkubwa. Mdogo wangu wa kike anayenifuata, muuguzi, ndiye mwenye nyumba. Mdogo wetu wa mwisho, fundi simu mjini. Na mjomba, kaka wa marehemu mama, aliyepanda basi la alfajiri kutoka Kisaki.

Mjomba hakuja kunywa chai. Kwetu Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, na neno la mjomba ndilo linaloamua nani alime wapi. Aliitwa aamue kama nishuke mlimani nikae Mafiga, na shamba langu la mboga apewe mwingine.

Aliyenishtaki ni saa ya mkononi.

Miezi kadhaa nyuma nilishikwa na kizunguzungu shambani, na zahanati wakaniambia presha iko juu. Mdogo wangu aliogopa. Mama alitutoka mapema, na baba akamfuata kwa presha hiyohiyo nikiwa darasa la sita, mdogo wangu huyo la pili. Sikurudi tena shuleni. Nilishika jembe ili hawa wawili wasome. Basi yule muuguzi akaninunulia saa inayopima mapigo ya moyo, hatua na usingizi. Yule fundi akaiunganisha na simu ili kila namba imfikie dada yake. Niliambiwa nitembee sana. Nikaivaa mkono wa kushoto, sikuivua hata nilipooga.

Kila jioni simu ilipigwa. Leo umetembea hatua elfu moja tu, dada, unaumwa unanificha? Nilimjibu kwamba nimeshuka sokoni na kupanda tena. Akasema saa haina sababu ya kusema uongo. Neno hilo lilinichoma, maana mimi ndiye niliyemfundisha kutosema uongo.

Tulipokwisha kumpa mjomba shikamoo na chai, mdogo wangu alifungua simu akaanza kusoma wiki nzima, siku moja baada ya nyingine. Hakusoma kwa ubaya. Alikuwa anaogopa. Jumatatu ndogo, Jumanne ndogo zaidi.

Yule wa mwisho akacheka. "Dada, kwa namba hizi wewe umeshastaafu. Bado kiinua mgongo tu."

Ijumaa nayo ndogo. Jumamosi ya wastani. Jumapili, hatua elfu sita.

Nikamwomba arudie Jumapili. Akarudia. Nikamwomba asome Jumapili ya nyuma yake, nayo ikawa kubwa kuliko siku zote za wiki ile. Nikazipanga siku zangu kichwani. Jumapili ndiyo siku ninayotembea kidogo: naenda kanisani, ng'ambo ya korongo, narudi nyumbani, nakaa. Jumanne na Ijumaa ndizo siku za soko, nashuka na tenga la karoti na kabichi hadi barabarani, narudi na unga na mafuta ya taa. Nikajiuliza Jumapili nina kitu gani ambacho Jumanne sina. Hakikuwepo. Ila Jumanne nilikuwa na kitu ambacho Jumapili sina, nacho ni mzigo.

Niliwaomba tutoke nje, uani. Nikajaza ndoo maji, nikakunja kanga kuwa ngata ya kichwani, nikajitwika, nikashika ukingo wa ndoo kwa mkono wa kushoto kama siku zote. Nikamwambia mdogo wetu ahesabu kwa sauti. Nikazunguka uani hadi akafika mia moja, kisha nikamshushia mkono asome. Saa ilikuwa imeongeza hatua nne.

Nikatua ndoo. Nikatembea mia nyingine mikono ikining'inia. Safari hii iliongeza tisini na saba.

Fundi aliishika saa akaigeuzageuza, kicheko kimemwisha. "Hii inasikiliza mkono unavyoyumba," akasema. "Mkono wako hauyumbi, dada. Inadhani umekaa."

Mjomba alitazama ardhi pale nilipozunguka na ndoo. Ilikuwa kavu. Akasema marehemu dada yake ndiye aliyenifundisha hivyo: ukimwaga tone, unarudi mtoni. Ni kweli. Nilirudi mtoni mara nyingi nikiwa mdogo, nikilia. Sikupata cheti cha darasa la saba, lakini pale uani nilijua mtu anayekabidhiwa cheti husimamaje. Nilikuwa nimeshuka milima ile miaka yote kwa utulivu ambao mashine haikuweza kuutofautisha na kukaa kitini.

Mdogo wangu muuguzi aliniomba radhi, na mbele ya mjomba akasema maneno ya shamba yaishe. Mjomba akakubali: shamba ni langu, nilime. Sasa mchana saa naivaa kifundoni mwa mguu, juu ya soksi, na Jumanne ya kwanza iliandika hatua zaidi ya elfu kumi na nane. Yule fundi alituma picha ya namba hiyo kwa kila anayemjua.

Lakini kabla hatujarudi ndani siku ile, muuguzi wangu alikuwa ameteremsha kidole kwenye simu hadi ukurasa mwingine.

"Na hapa?" akaniuliza. "Ukilala hubebi kitu."

Ukurasa ule ulionyesha nimelala muda gani kila usiku. Saa tatu na nusu. Saa nne. Saa tatu. Hapo saa ilisema kweli. Tangu tulipobaki wenyewe naamka saa tisa usiku, nichemshe uji na kufunga mboga ili watoto wapate kula kabla ya shule. Watoto hao walikuwa wamesimama mbele yangu, mmoja ana ndevu, mwingine anawapa watu dawa zao. Mwili wangu haukuwa umepata habari.

Mjomba akasema saa imeninyima hatua, kumbe yenyewe inanidai saa. Tukacheka wote, isipokuwa mdogo wangu.

Nimeanza kulipa. Mboga nafunga jioni, na nikishtuka saa tisa nabaki kitandani nikisikiliza moyo wangu. Presha imeshuka kiasi. Juzi niliandikiwa usingizi wa saa tano na dakika kumi, nikajisifu kwenye simu. Mdogo wangu alinipongeza, halafu akanikumbusha kwamba anataka saba kila siku, na kwamba hesabu yake inaanzia mwaka aliokuwa darasa la pili.