Nawaachia Wenyewe

Usiniulize kama nilikuwa nimelewa. Mimi pombe hata harufu yake inanichefua. Wala sikuota. Nilikuwa mzima, mchana kweupe, na haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa hapa kisiwani Mafia. Umeona? Limenitoka tena hilo neno! Mwenyewe. Ngoja, utajua kwa nini nalikimbia.

Mimi ni mtu wa bara, mzaliwa wa Iringa. Kilindoni naendesha bajaji, na kazi yangu kubwa ni mizigo. Inashushwa bandarini ikitoka Dar, mimi naisambaza majumbani, leo Kirongwe, kesho Utende. Nikisimama mahali pamoja kidogo tu, mguu unaanza kucheza. Kwa hiyo nikifika nyumba ya mtu nabisha hodi, na nikikosa wa kuitikia naweka mzigo barazani, halafu nasema kwa sauti majirani wasikie, "Nawaachia wenyewe!" Huyoo, nimeondoka. Na hakuna kilichowahi kupotea, niamini. Huku watu si wadokozi. Boksi la mtu linaweza kushinda barazani kutwa nzima, likaguswa na kuku tu.

Kwetu Iringa wenyewe ni wenye nyumba, basi. Ningejuaje?

Sasa, pale Kiegeani anakaa Bi Mwanaidi, mama mtu mzima, mkulima wa mwani, na mjukuu wake Rukia. Rukia ana kifafa. Dawa zake baba yake huzituma kutoka Dar, na mimi ndiye ninayezipeleka. Safari ile boti ilichelewa kwa sababu ya upepo, dawa za nyumbani zikaisha. Kidonge cha mwisho mtoto alimeza asubuhi. Bi Mwanaidi alikuwa amenipigia kabisa, "Baba, ikifika tu niletee. Asilale bila dawa, akikosa huanguka vibaya."

Nikafika jua la utosi. Hodi! Kimya. Hodi hapa! Kimya. Nikapiga simu, nikaisikia inalia humo humo ndani. Maji yalikuwa yamekupwa, nikajua keshashuka pwani kwenye mwani wake na simu kaiacha. Ningeweza kumfuata? Ningeweza. Lakini nina mizigo ya Utende, na jua lile, na mguu wangu huu. Nikaweka boksi barazani. "Nawaachia wenyewe!"

Nilikuwa nimeshageuka niliposikia sauti ya mwanamke kutoka ndani. "Haya, tumepokea."

Unajua nilifanya nini? Nilifurahi! Nikasema afadhali, kumbe kuna mtu, nikapiga bajaji yangu moto nikaenda zangu.

Alasiri simu ikaita. "Mwanangu, nimeona ulinipigia. Mbona dawa hujaleta?"

"Shikamoo Bi Mwanaidi. Nimeleta, wamepokea hapo ndani."

"Marahaba. Ndani nani? Nyumba hii ni mimi na Rukia, na sote tulikuwa pwani."

Niligeuza bajaji katikati ya barabara, nikaendesha kama niliyefiwa. Nilipofika jua lilikuwa linaelekea kuzama. Rukia alikuwa amekaa chini nje, kaegemea goti la bibi yake, macho yake yameanza kukodolea kitu ambacho sisi hatukioni. Bi Mwanaidi akaniambia ndivyo anavyoanza. Ameshatafuta uvunguni, jikoni, uani, kwa majirani, hakuna boksi. Nikauliza twende hospitali? Akasema kaulizia, dawa ile haipo tangu wiki iliyopita.

Halafu akanitazama. "Ulipoiweka ulisemaje?"

"Nilisema kama siku zote. Nawaachia wenyewe."

Yule mama akajishika mdomo. "Yallah! Mwanangu, hapa hatulitamki hivyo hilo, tena adhuhuri, nyumba haina mtu! Wenyewe ndio hao, wasio watu." Hakuwataja, alinyoosha kidevu tu kwenye mlango. "Umewapa, wamepokea. Mimi nikiingia sitawaona. Wewe uliyewapa ndiye utakayewaomba. Ubishe hodi vizuri."

Niliogopa, sikufichi. Nilitaka nicheke, nikashindwa. Rukia mkono wake ulikuwa umeanza kurukaruka. Nikasogea mlangoni nikasema hodi.

"Karibu," akaitikia mwanamke.

Ndani palikuwa na kigizagiza. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, kanipa mgongo, boksi limo mapajani mwake. Kanga yake ilikuwa imeloa, maji yanachuruzika, na sakafu ya chini yake kavu kabisa. Macho yangu yakaenda kwenye jina la kanga, mazoea tu, nani asiyesoma kanga? Palipotakiwa pawe na maandishi palikuwa patupu. Hakuna hata herufi. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonitetemesha kuliko yote.

"Sisi ndio wenyewe," akasema, taratibu, bila hasira. "Kila siku unatutaja, halafu unatupita. Leo umetupa. Sasa unataka kutunyang'anya?"

"Samahani mama," nikasema. "Nilikosea. Mzigo ni wa Rukia, mjukuu wa Bi Mwanaidi. Ni dawa. Mtoto anaumwa, yuko hapo nje. Nakuomba."

Nje nikamsikia Bi Mwanaidi anaita, "Rukia! Rukia mama!" kwa sauti ya mtu anayemzuia mwingine asiondoke. Nikapiga magoti, mimi mwanaume mzima. "Ni wa Rukia," nikarudia. "Ni wa Rukia."

"Ungemtaja tangu mchana," akasema. Akalisukuma boksi nyuma bila kugeuka. "Chukua. Lakini hodi yako tumeshaizoea. Tutakuitikia."

Sikumbuki nilivyotoka. Bi Mwanaidi aliichana gundi ya boksi kwa meno. Gundi ilikuwa nzima, haijaguswa, lakini ndani, katikati ya pakiti za dawa, kulikuwa na mchanga mbichi wa pwani. Akaupangusa, akamnywesha mtoto. Tulikaa pale barazani tumemshika mpaka mkono ukatulia, akalala. Nililia, na sioni aibu kusema.

Rukia hajambo. Akisikia bajaji yangu anakuja mbio. Lakini mimi je?

Mimi siwezi tena kubisha hodi. Popote nitakapobisha, Kirongwe, Utende, hata kwa mchungaji wangu, kabla mwenye nyumba hajafungua kinywa ile sauti inaniwahi, "Karibu." Naisikia peke yangu. Siku hizi nasimama milangoni kwa watu nakohoa kama mgonjwa, wanasema yule mtu wa bara hana adabu. Waache waseme.

Sasa sikiliza. Majuzi nilirudi chumbani kwangu hapa Kilindoni, ninapokaa peke yangu. Mikono imejaa mizigo, akili imechoka, nikajisahau. Nikasema hodi kwenye mlango wangu. Humo ndani, ambamo nilikuwa nimefunga kwa kufuli, wakaniitikia. Hawakusema karibu tu. Walisema, "Karibu, mwenyewe."

Kwa hiyo wewe unayeachaacha vitu vya watu milangoni kwa sababu una haraka, mpe mtu mkononi, umwone uso. Kama hayupo mfuate, hata kama yuko kwenye mwani, ukaloe. Na ukishindwa kabisa, taja jina lake, jina hasa, Rukia, Asha, yeyote. Usiseme neno lile.

Unadhani nimekaa hapa na wewe muda wote huu kwa kupenda maongezi? Tazama mguu wangu unavyocheza. Ufunguo ninao mfukoni, na chumba changu ni kile pale, kile chenye taa. Sikuiwasha mimi.