Kibali cha Kupika Biskuti

Nilitaka kupika biskuti, basi. Sikuwa na nia ya kuichukua Kenya wala kazi ya mtu. Nilitaka kuvaa koti jeupe na kofia ya wavu katika kiwanda kimoja kule Baba Dogo, Nairobi, nipime unga na sukari kwa miezi michache, kisha chuo kinipe stashahada yangu ya usindikaji wa vyakula nirudi Morogoro nikitembea kwa maringo. Bila hayo mafunzo ya kazini, ambayo Wakenya huyaita atachmenti, hakukuwa na stashahada. Na msimamizi wa kiwanda alikuwa ameshaniambia: njoo Jumatatu na kibali cha uhamiaji, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Hii ilikuwa miaka ya tisini, na mimi nilikuwa mgeni Nairobi kwa pasi ya mwanafunzi. Pasi ile iliniruhusu kusoma, kula, na nadhani kupumua pia. Kufanya kazi haikuniruhusu, hata ya bure. Mhadhiri wangu alinikalisha chini akanieleza njia zilizokuwepo. Kulikuwa na kibali cha kazi chenyewe, ambacho mwajiri ndiye anayekuombea, tena aonyeshe kwamba amekosa Mkenya wa kuifanya kazi hiyo. Sasa Mkenya gani angekataa kuonja biskuti tangu asubuhi hadi jioni? Kulikuwa na pasi maalum ya muda mfupi, lakini yeye aliijua kama ya mafundi wanaoletwa kutengeneza mashine. Iliyonifaa mimi ilikuwa ya tatu: niombe ruhusa juu ya pasi yangu ileile, kwa mafunzo yanayohusu masomo yangu, bila mshahara.

"Nenda ukajieleze mwenyewe," alisema.

Njia ya nne nilipewa mtaani kwangu, Kaloleni. Nilikuwa nimepanga chumba kwa mchonga vinyago mmoja, Mkamba, mzee mwenye sauti nene na roho nyepesi, ambaye ua wake ulijaa twiga wa mbao wasio na masikio bado. Nilimwita Baba, na mkewe nilimwita Mama.

"Hiyo ni kitu ndogo sana," aliniambia huku akipiga msasa shingo ya twiga. "Si uende tu kwa geti asubuhi, usimame na wale wa kibarua? Nani atakuuliza karatasi? Wakikuuliza, nitumie mtu, nije niwaambie wewe ni mtoto wetu."

Na kweli, pale Kaloleni maneno hayo yalifungua kila mlango. Mtu akitaka chumba, akitaka kukopa sukari dukani, akitaka kuimba kwaya, mzee mmoja alisimama akasema, "Huyu ni mtoto wetu," na mambo yakaisha. Hakuna aliyeuliza amezaliwa na nani. Mimi mwenyewe nilishapewa mkopo wa mafuta ya taa kwa maneno hayohayo, na nilijiona malkia.

Lakini kibarua cha getini kisingenipa stashahada, kwa hiyo nilikataa. Mchongaji hakukasirika. Aliamua tu kunisindikiza uhamiaji. Ijumaa asubuhi nilimkuta mlangoni amevaa suti, mkewe kavaa gauni la kanisani, na pamoja nao mama mmoja Mwislamu mwenye duka la jumla mtaani kwetu, kajifunga buibui jipya linalonukia udi. Walipendeza kama watu wanaokwenda kuposa. Nilicheka njia nzima hadi mjini.

Ofisini tulipokewa na ofisa kijana mwenye tai. Aliuliza mwombaji ni nani. Kabla sijafumbua mdomo, mchongaji alisimama.

"Huyu ni mtoto wetu," alisema. "Amezaliwa hapo tu Kaloleni, nyuma ya holi ya mtaa. Nimembeba na hii mikono."

"Na mimi ndio nilimwogesha," mkewe akadakia.

"Nguo yake ya kwanza ilitoka kwa duka yangu," akamalizia mama wa duka. "Wallahi."

Ofisa alifungua pasipoti yangu polepole.

"Hii inasema Morogoro. Nyinyi mnasema Kaloleni. Kama ni mtoto wenu, yeye ni Mkenya, kibali ni cha nini? Na kama ni Mkenya, hii pasipoti ametoa wapi?"

"Afande, wananisaidia tu, bana!" nilisema, na nilipojisikia nikisema "bana" nilitamani ardhi inimeze. Hata mdomo wangu ulikuwa umeshahamia Kaloleni. Ofisa aliisukuma pasipoti kando, na mimi nikaziona biskuti zangu zote zikiungua.

Ndipo akaingia mkubwa wake, mwenye mvi, kikombe cha chai mkononi. Miguu ilinisimamisha yenyewe, magoti yakakunjika kidogo.

"Shikamoo, mzee."

Chai ilimwagika kwenye kisahani. Alinitazama, akatazama ujumbe wangu wa watu watatu, akaanza kucheka.

"Marahaba," alisema. "Huyu si wa Kaloleni. Mimi nimelelewa mtaa huo. Hakuna mtoto wa huko ashawahi kuniamkia hivi."

Alisoma barua ya chuo na ya kiwanda. Aliniuliza mtu hujuaje biskuti imeiva, nami kwa furaha nikaeleza kirefu mpaka akainua mkono nikome. Kisha akamgeukia mchongaji.

"Mzee, lazima nijue kabla sijagonga muhuri. Huyu ni mtoto wenu, ama si wenu?"

Sijawahi kumsikia mzee yule akimkana mtu yeyote. Alivua kofia, akaizungusha mikononi.

"Huyu?" alisema kwa sauti nyembamba. "Mimi simjui."

"Hata mimi," mkewe akasema akiangalia sakafu.

"Ndiyo mara ya kwanza namwona," akasema mama wa duka, na safari hii hakuapa.

Nilicheka machozi yakinitoka, na muhuri ukagongwa.

Nje nilikimbia nikimwita Baba. Aliongeza mwendo. "Usituite!" alininong'oneza bila kugeuka. "Watakunyang'anya." Barabara yote ya Landhies walitembea mbele yangu watu watatu wasionijua, na mimi nyuma nimekumbatia pasipoti, nikiruka madimbwi kama mwendawazimu. Tulipofika kwenye holi ya Kaloleni mchongaji alisimama, akaangaza huku na huku kama kuna mtu yeyote mwenye tai, kisha akatanua mikono na kupaza sauti mpaka watu wakatoka majumbani.

"Mtoto wetu amepata!"