Wanamlilia Mume Wangu, Magurudumu Niliyanyoosha Mimi

Admin, ficha jina langu na picha usiweke yoyote, maana huku Likasi, Kongo, tunajuana. Ndugu wa ukurasa huu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wanne, ninakaa mtaa wa Kikula, na ni mjane mpya. Mume wangu alikuwa fundi wa baiskeli. Wabeba makala, yaani makaa ya kupikia, wauza mikate, vijana wanaokwenda Kakontwe kwenye kazi ya mawe, wote walikuwa wateja wake. Walimwita Papa Rayon, kwa ajili ya rayon, vile vijiti vya chuma vya gurudumu, kwa sababu hakuna aliyejua kunyoosha gurudumu lililopinda kama yeye. Ninaandika huku nalia, mtanisamehe nikirukaruka.

Miaka michache iliyopita mikono yake ilianza kutetemeka. Tulidhani ni malaria, kisha tukadhani ni uchovu, na vidonge tulivyopewa havikubadilisha kitu. Kuziba tairi aliweza bado. Lakini rayon haitaki mkono unaotetemeka. Ukikaza kidogo kupita kiasi, gurudumu linavutwa upande mmoja, na mtu mwenye magunia ya makala anaishia mtaroni. Asubuhi moja nilimkuta uani ameshika ufunguo wake mdogo wa kukazia rayon, ile clé, kwa mikono miwili, analia. Nikamwambia, "Papa, leta hapa. Weye sema, minye nitakaza." Akanitazama kama nimemtukana. Kisha akanipa.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Alikaa kwenye kiti, akafumba macho, nami nikagonga rayon moja moja kwa ukucha. Yenye sauti nzito imelegea, yenye sauti kali imekazwa mno. "Hapana, ile inalia mubaya. Rudilia, mama." Mwanzoni niliharibu sana, tukagombana mpaka majirani wakachungulia. Mwishowe hakuwa tena na la kunirekebisha, akawa anakaa tu na chai yake ananitazama. Kule barabarani alikofanyia kazi aliwaambia wateja walioleta gurudumu, "Roue lazima ilale kwangu." Watu wakadhani hiyo ndiyo siri ya ufundi wake, na walijivunia kungoja! Kumbe lilikuwa linalala ili mke wake aamke alfajiri alinyooshe kabla watoto hawajakwenda shule. Kwetu haukuwa uongo. Kazi ilikuwa yetu sote wawili, jina likawa lake, nami sikuwahi kulitaka. Nilimpenda mtu yule, jamani. Hata ubishi wake nilikuwa naupenda.

Alifariki mvua zilipoanza. Homa tu, tukamzika. Kwenye kilio walikuja wengi mpaka uwanja wetu ukajaa. Jeneza lilipotoka, waendesha baiskeli walikuwa wamepanga baiskeli zao kando ya barabara, wamezigeuza miguu juu kama alivyokuwa akizigeuza mwenyewe akifanya kazi, na kila mmoja akalizungusha gurudumu la mbele kwa mkono. Hakuna aliyeimba. Ulisikia magurudumu tu, barabara nzima. Nami mjane, nimeshikiliwa na wanawake wawili, unajua macho yangu yalikuwa wapi? Kwenye magurudumu. Hata moja halikuyumba. Mwanaume mzima mwenye mvi akapiga kelele, "Papa Rayon, mikono yako tutaipata wapi tena?" Mikono hiyo ilikuwa imeshika kitambaa cha machozi, hatua chache kutoka kwake. Nilimlilia mume wangu, Mungu ni shahidi yangu, lakini nilijililia na mimi, na niliona aibu.

Ningenyamaza milele. Ila juma lililopita alikuja Ilunga, mbeba makala, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Alikuwa amebeba gurudumu alilolivua kwenye kinga, yaani baiskeli yake.

"Mama, hii roue njo ya mwisho Papa alitengeneza," akasema. "Niliitosha ku kinga yangu, nikaiweka ku nyumba ili isizeeke. Nikatia ingine ya ku soko. Ile njo iliniangusha ku muteremko."

Nikamwuliza kwa nini asiirudishe hii nzuri kwenye baiskeli yake.

"Ah non, Mama! Ikipinda, nani ataninyooshea? Hata benzangu banaanza kutosha roue zake, banaziweka kama souvenir ya kumukumbuka. Hii uchunge weye."

Neno lilifika mdomoni kabisa. Badala yake nikamkaribisha chai. Alipoondoka nililiegemeza gurudumu ukutani, nikalia vibaya kuliko siku ya mazishi.

Nikamweleza kaka mkubwa wa marehemu ukweli wote. Hakupiga kelele, na heri angepiga. "Belle-sœur, shemeji yangu, unapenda baseme ndugu yangu alikuwa anadanganya batu? Jina yake njo kitu tu alituachia. Na weye uko mu deuil, mu matanga ya bwana yako, utaikala ku barabara na clé mu mukono?"

Siwezi kusema amekosea. Wapo watakaocheka, wapo watakaosema mume wangu aliwapumbaza, na yeye hayupo tena kujibu. Lakini watoto wangu wanataka kula na kazi ninaijua. Na watu wanayavua magurudumu yaliyonyooka kwa ajili ya upendo, wanapanda mabovu, na ule mteremko hauna huruma.

Nishaurini, hasa nyinyi mnaopanda baiskeli. Nikisema, nitawaulia Papa Rayon wao mara ya pili, naye ndiye mume wangu. Nikinyamaza, siku moja nitaitwa kwenye kilio cha mmoja wao, nitakaa chini kando ya mke wake, nitamshika mkono nimwambie pole, huku najua. Nifanye nini?