Mwigizaji Anayeomba Kufa Katika Sura ya Saba

Saa mbili asubuhi, Winrose Gatakaa amelala chali juu ya meza mbili zilizounganishwa katika bwalo la shule moja ya wasichana eneo la Kaaga, mjini Meru. Anapima kama zitambeba. Moja ina mguu mfupi, nayo inacheza kila anapovuta pumzi.

"Hapa nikikufa nitaanguka," anamwambia Kobia, mwigizaji mwenzake.

Kobia anachomeka kipande cha boksi chini ya mguu huo, kisha anamkumbusha polepole kwamba siku hizi Winrose hafi mchezoni. Tangu muhula wa kwanza hajafa. Winrose anaketi na kujifunga leso upya.

Mama huyu wa miaka arubaini na minne, ambaye wenzake humwita Mama Linda, ni mwigizaji wa kikundi kinachozunguka shule za upili za Meru na Embu kikiigiza setibuku, yaani vitabu vinavyotahiniwa kidato cha nne. Onesho moja humpa shilingi elfu moja na mia tano. Shule zikifungwa, hurudi kwake Kiirua kupalilia viazi. Kazi yenyewe anaipenda sana. Kinachomkera ni kunyimwa kifo alichoandikiwa.

Riwaya ya mwaka huu inamhusu mama anayemnunia mwanawe aliyeuza kisirisiri shamba la marehemu babake. Katika sura ya saba, mama anakufa kabla ya kumsamehe. Sura ya mwisho ni harusi ya mwana huyo. Anapakua mukimo, chakula cha viazi na mahindi vilivyopondwa, na kuiweka sahani juu ya kiti kitupu cha mamake. Kitabu kinaishia hapo.

Kwenye jukwaa la Riungu, mwelekezi wa kikundi, kiti hicho kina mtu. Winrose amekikalia, anakula mukimo wote, anaomba mwingine, kisha anainuka kucheza na bibi harusi.

Mambo yaliharibikia katika shule moja ya kule chini, upande mkavu wa Embu. Winrose alikufa vizuri, kama alivyoandikwa, na bwalo zima likakataa.

"Walipiga sahani na vijiko mpaka hatusikiani," anasema. "Wanataka mama arudi. Riungu akanigusa mguu pale nimelala, akaniambia, Mama Linda, amka kidogo uwasalimie. Nikaamka, na kwa harusi nikala ule mukimo. Tangu hiyo siku sijawahi kufa tena."

Mtu akairekodi sehemu ya mukimo kwa simu. Video ikasambaa kutoka Maua hadi Embu mjini, na shule zikaanza kupiga simu kuomba "ile ya mama wa mukimo". Kitabu chenyewe hakuna aliyekiulizia.

Hayo yote Winrose angeyameza. Lakini likizo ya Agosti, Linda, bintiye anayesoma kidato cha nne katika shule hii hii ya Kaaga, alikuwa nyumbani akimenya viazi. Winrose akamwuliza hadithi inaishaje. Linda akamjibu bila hata kuinua macho kwamba mama anamsamehe kijana wake, wanacheza. Winrose akataka kujua amesoma hayo ukurasa gani.

"Mami, si nilikuona kwa video? Ni wewe ulicheza."

Winrose anakisimulia kisa hiki amesimama, mikono kiunoni, kama aliyeudhiwa leo asubuhi. "Nimemfunza mtoto wangu uongo na mwili wangu mwenyewe. Na kitabu kiko hapo kwa meza, nimekinunua mimi, hata hakijafunguka vizuri."

Kisha ukaja mtihani wa majaribio. Swali lilitaka watahiniwa waeleze umuhimu wa kiti kitupu. Mwalimu Muchangi, anayefundisha Kiswahili hapa, anasema wasichana wengi waliandika kwamba kiti kilikuwa kitupu kwa sababu mama alikuwa ameinuka kucheza. Linda alikuwa mmoja wao. Mtihani wa taifa ni mwezi ujao.

"Nilicheka kwanza," asema Muchangi. "Halafu nikaona ni darasa langu."

Riungu si mtu mbaya. Anasema mtoto wa bweni anastahili kucheka kwa muda wa saa mbili, na kwamba shule ikiliona jeneza haipigi simu tena. Wiki tatu mfululizo Winrose amemsihi amrudishie kifo chake, na wiki tatu Riungu amemjibu kwa upole kwamba watu wanampenda akiwa hai.

"Basi andika kitabu chako," Winrose alimwambia jana. "Hiki kina mwenyewe."

Saa nne, bwalo limejaa. Linda ameketi safu ya tatu. Winrose anamwona, anamalizia maneno ya mwisho ya sura ya saba, anajilaza mezani na kufumba macho.

Vijiko vinaanza. Nyuma ya shuka linalotumika kama pazia, Riungu anamnong'oneza aamke. Anamnong'oneza tena, safari hii kwa jina lake kamili. Winrose hatikisiki. Kelele zinapanda, kisha zinachoka. Waigizaji wawili wanambeba nje, kwa kuwa hawajui la kufanya naye.

Harusi inafika. Kobia, anayeigiza mwana, anatokea na sahani ya mukimo, anakitazama kiti, anamtafuta mama kwa macho kwenye pazia. Hakuna anayekuja. Anaiweka sahani juu ya kiti na kusimama hapo, mikono ikimning'inia. Hakuna kijiko kinacholia. Msichana mmoja anapenga kamasi, na bwalo zima linamsikia.

Baadaye, Linda anamfuata mamake nje, karibu na matangi ya maji. Macho yake ni mekundu.

"Mami, kwani hakumsamehe?"

"Nenda ukasome."

"Ni ukurasa gani?"

Winrose anamwambia aanze wa kwanza. Linda anamshika mamake mkono, kisha anaelekea darasani.

Ndani, Riungu anakunja mashuka. Jumatatu wana onesho Siakago, na shule hiyo imelipia mama wa mukimo. Winrose anajua huenda akapoteza kazi. Anaomba tu kwamba mwaka ujao, kitabu kikibadilishwa, apewe mhusika anayeufikia ukurasa wa mwisho akiwa hai.

"Lakini Jumatatu," anasema akiikunja leso yake, "Siakago nitakufa pia."