Mahali pa Kubana Kalipa

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mpimaji katika kiwanda kidogo cha kusubu vyuma, upande wa Athi River. Kazi nilitafutiwa na mjomba, ndugu mdogo wa mama, ambaye alichonga vielelezo vya mbao pale pale. Kielelezo kinashindiliwa kwenye mchanga, kinatolewa, na chuma kinamiminwa mahali kilipokuwa. Ili kitoke bila kubomoa mchanga, ubavu wake huinamishwa kidogo: chini pana, juu pembamba. Mwinamo huo ndio ulioninyima raha.

Mteja alirudisha makasha ya pampu akisema ni mapana mno. Mdosi akatuita. Kama kosa ni la kupima, alisema, tutapima upya. Kama ni la kielelezo, aliyekichonga aende nyumbani. Mjomba alikuwa amesimama hapo na penseli sikioni.

Niliyapima yale makasha hadi kalipa, ile koleo ya kupimia upana, ikaanza kuteleza kwa jasho. Ukibana karibu na mdomo, ni sawa. Ukishuka upana wa kidole, yamezidi. Mchoro ulitaja upana tu, haukusema upimwe wapi, kwa hivyo mkaguzi wa mteja alibana chini na msimamizi wetu akabana juu. Mwamba ngoma huvutia kwake. Na mimi je? Nilitaka juu, juu kabisa, mjomba abaki kazini. Lakini nikibana juu leo, kesho mwingine atabana chini, na maneno yataanza upya. Niliuchukia ule mwinamo. Jioni, nyumbani Mumbuni, nilikaa, nikasimama, nikakaa tena, mpaka mama akasema nimemchosha macho.

Asubuhi nilimvamia mdosi kabla hajavua koti.

"Tako la kasha limekatwa na mashine, liko sawa," nikamwambia. "Tulikalishe kwa meza ya chuma. Kutoka hapo mezani tupande nusu ya kimo chake, tukwaruze mstari. Mteja apime kwa mstari, na sisi kwa mstari."

Mkaguzi alipigiwa simu, akaja, akakubali. Mjomba ndiye aliyefurahi kuliko wote.

"Hapo umesema, mama," akaniambia; ndivyo alivyoniita mimi, binti ya dada yake. "Hata mimi nilipochonga nilihesabu katikati."

Maneno hayo yalinituliza. Nikakalisha kasha la kwanza, nikakwaruza mstari, nikabana. Lilikuwa pana. La pili pana. Nilipima mengine haraka haraka, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni akijua hazimo. Mwishowe nikaleta kielelezo chenyewe, nikakikwaruza hivyo hivyo. Nacho kilizidi, hata ukishatoa ile nafasi kinayoachiwa chuma kinywee kikipoa. Hapakuwa na pa kuhamishia kalipa.

Mjomba alikuja akainama mezani.

"Umerudia?"

"Nimerudia."

"Basi andika."

Nikaandika. Nilikuwa na hasira, sijui na nani. Mjomba alifungasha patasi zake kabla ya chakula cha mchana, akaaga watu mmoja mmoja.

Nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imenitangulia. Mama alikuwa jikoni anakoroga isyo, mahindi na maharagwe.

"Nasikia wamempima ndugu yangu wakamkuta na kosa," akasema. "Nani alipima?"

"Ni mimi, mama."

Akaendelea kukoroga. Usiku huo alipakua sahani zote ila yangu, akaniacha nijipakulie mwenyewe.