Meza Iliyopinduliwa

Miaka kumi na tisa niliuza maharage na dagaa wa Nyasa hapa Songea, meza ya tatu kutoka bombani. Shule sikwenda, ila kopo langu la kupimia halikumpunja mtu.

Mahindi yalipokosa bei, mji ulinyauka. Mkulima asiye na hela hanunui dagaa. Wenzetu wengi walirudi Lusewa na Namtumbo kulima, wakaacha meza zao. Ndipo tukaambiwa soko litajengwa upya ili biashara ifufuke, na msanifu majengo anakuja kulichora.

Wiki aliyokuja, mama yangu alifariki kijijini Hanga. Sokoni kwetu aliyefiwa huipindua meza yake, miguu juu, mpaka arudi kutoka matangani, na hakuna anayeigusa. Niliipindua yangu, nikamwambia Noela, mwenyekiti wetu, aniangalizie.

"Nenda dada, kamzike mama," alisema.

Msanifu, kijana mpole aitwaye Remmy, alipita akihesabu meza. Zilizosimama na bidhaa juu alizichora. Yangu alidhani mwenyewe kaikimbia kama wale wengine. Noela alikuwa naye hatua kwa hatua.

Niliporudi siku ya tisa, soko lilishafungwa kwa ujenzi, nikawa natembeza dagaa mitaani. Soko lilipokamilika, zuri kweli, mwanga unaingia hadi katikati, nilikwenda na kapu langu. Nilipokuwa nakaa pamejengwa ngazi. Noela ana vizimba viwili vya kuuzia, kimoja kakiandikisha kwa jina la binti yake.

Nilimkuta Remmy akikagua bati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, mimi umeniweka wapi humu?"

Alikunjua mchoro, akautazama muda mrefu. "Meza ya tatu ilikuwa imepinduliwa, mama. Niliuliza, nikaambiwa haina mtu."

"Nani kakwambia?"

Akamtazama Noela, aliyekuwa kwenye kizimba chake jirani. Noela akacheka. "Dada naye! Si ulihamia Hanga mpaka tukasahau sura yako?"

"Siku tisa, Noela. Nilikwenda kumzika mama. Aliyefiwa si huipindua meza yake?"

Wanawake wote walijua. Kila mmoja akainama kupanga nyanya zake.

"Ningejua desturi yenu, ningekuchora," Remmy alisema, macho chini. "Zege limeshamwagwa, mama."

Sasa nauzia nje ya ukuta, juu ya kiroba nilichotandika chini.

Juzijuzi Noela kafiwa na kaka yake. Vizimba vya zege havipinduki. Alikwenda kuzika, akarudi, akavikuta vyake palepale. Nilitaka niingie nimpe pole, kufiwa ni kufiwa, lakini mgambo wanaotufukuza sisi wa nje walikuwa wanakuja. Nikafungasha kiroba changu.