Makuti Kwenye Mchanga

Juzi, ndani ya boti ya Yangambi, mama aliyeketi karibu nami alimnyamazisha mwanawe ghafla. Kwenye kisiwa cha mchanga palisimikwa makuti ya michikichi, kama kwetu yanavyosimikwa mbele ya nyumba yenye matanga. Nikatabasamu, maana utotoni nilidanganyika vilevile.

Siku ile ya utotoni mto ulikuwa umepungua, na mchanga ulinuka samaki wa moshi. Mama yangu, mvuvi wa Yanonge, alipiga magoti akichomeka makuti kuzunguka mayai yenye madoa yaliyolala wazi mchangani. Nikaanza kulia. Ndege mweusi mwenye mdomo mwekundu, wa chini mrefu kuliko wa juu, aliruka chinichini akiupasua mto kama mkasi kwenye kitambaa. Kisha akarudi tumbo likichuruzika maji, akayalalia mayai. Nilidhani anayaosha kama tunavyoosha maiti. Leo najua alikuwa akiyapoza, jua lisiyapike.

"Mama, nani alikufa?"

Alicheka mpaka akakaa chini. "Hakuna mwenye alikufa, mutoto yangu. Bavuvi bakiona makuti, batapita mbali. Ya matanga, batu banaweka kisha mutu kufa. Ya ndege, bon, tunaweka mbele ya kufa."

Juzi nahodha wetu naye alipita mbali. Mtoto yule akamnong'oneza mamake, "Nani alikufa?" Kabla sijamjibu, ndege waliinuka kutoka kwenye makuti, kundi zima, wakaanza kuupasua mto.